Sponji ya Mama Upendo

Asubuhi maji yalipoanza kunuka, Mwalimu Yuliana alifungua madirisha ya sebule yanayotazama mlimani, na yale yanayotazama kwa jirani akayaacha yamefungwa. Harufu ilikuwa ya maji ya maua yaliyosahauliwa kanisani. Alitaka itoke, lakini itokee upande wa msituni, ambako hakuna anayemfahamu.

Tangi la samaki lilikaa juu ya kabati la vyombo, pale ilipokuwa picha yake ya harusi na marehemu Mzee Gervas. Picha aliihamishia koridoni. Ndani ya kioo maji yalikuwa meupe kama yale ya mkono wa kwanza ya kuoshea mchele, na samaki wekundu walikuwa wamepanda juu kabisa, midomo nje, wanahema.

"Jana tu nimewasafishia," aliwaambia. "Mnataka nini tena?"

Kilakala nzima ilimjua kwa usafi. Alikuwa amefundisha sayansi kimu kwenye sekondari za wasichana mpaka alipostaafu, na wapo wanawake mjini Morogoro, wengine sasa ni mabibi, ambao hawawezi kuacha sufuria chafu ilale bila kuisikia sauti yake. Vitambaa vya vyombo vichemshwe. Ubao wa nyama usikatiwe mboga. Mumewe alikuwa afisa elimu, mtu wa suti na maneno machache, na alipofariki watu waliondoka msibani wakisimulia namna maji ya kunawa yalivyokuwa yakibadilishwa, hakuna aliyenawia maji ya mwenzake. Nyumba ile ilikuwa na jina. Yuliana alilibeba jina hilo kama mtu abebavyo bakuli lililojaa mchuzi, macho mbele, hatua fupi.

Swali lilikuwa jina hilo litapokewa na nani. Mtoto wake alikuwa mmoja, Stephano, mfanyakazi wa Dodoma, na Stephano naye alikuwa na mtoto mmoja, Jesca, msichana wa miaka minane aliyeletwa Morogoro kila likizo ndefu. Kwa Waluguru mtoto huhesabiwa ukoo wa mama yake. Yuliana alilijua hilo tangu utotoni, naye alihesabiwa hivyo hivyo, na kwa umri wake wote aliliona kuwa ni utaratibu wa busara. Liligeuka kuwa uonevu siku alipokuwa bibi wa upande wa baba.

Bibi wa upande wa mama alikuwa Mama Upendo wa Bigwa. Huyo alizaliwa Mgeta, akaanza kwa kuteremsha kabichi kichwani, na sasa alikuwa na fuso lake mwenyewe la kupeleka mboga Dar es Salaam, nyumba ya vigae, na kicheko kinachofika mlangoni kabla ya hodi. Binti yake Upendo ndiye aliyeolewa na Stephano. Wanawake hawa wawili walikuwa wa rika moja, na kwa miaka kumi ya ukwe wao hakuna aliyewahi kumwamkia mwenzake shikamoo. Kila mmoja alikuwa anangoja apewe. Walisalimiana kwa kuulizana habari za watoto.

Na Mama Upendo alikuwa na samaki. Dereva wake ndiye aliyemletea tangi kutoka Dar, kama wengine wanavyoletewa mkate.

Likizo ya Juni Jesca alikaa Bigwa karibu yote. Jumapili moja aliletwa Kilakala kula chakula cha mchana. Alikula pilau kwa haraka, miguu inaning'inia, jicho kwenye saa ya ukutani.

"Bibi, naomba nirudi Bigwa kabla samaki hawajalala."

"Samaki hawalali, mwanangu."

"Wanalala, Bibi. Wanasinzia nyuma ya jiwe. Bibi Bigwa alinionyesha."

Wakati wa kuagana Yuliana alimkumbatia, akamnusa nywele. Mafuta ya nazi ya nyumba nyingine. Jioni ile ile Mama Upendo aliweka picha kwenye simu, kila mwenye namba yake aione: kidole cha Jesca juu ya kioo, samaki wamekizunguka kama kuku wanaotupiwa punje, na maneno chini yake, "Mjukuu wangu na wanangu wa majini." Yuliana aliivuta picha kwa vidole viwili, ikakua, ikakua, mpaka akaona ukingo wa meza ya Mama Upendo. Vumbi. Alilitazama lile vumbi kwa muda, likampa raha kidogo, lakini raha yenyewe haikumtosha.

Mwezi wa tisa Stephano akapiga simu. "Mama, safari hii Desemba Jesca atachagua mwenyewe akae wapi. Ameshakuwa mkubwa."

Yuliana akasema ni sawa, ni vizuri mtoto kuchagua. Akakata simu, akaagiza tangi kubwa kuliko la Bigwa.

Tangu siku lilipofika hakulipumzisha. Kila asubuhi aliwatoa samaki na kuwaweka kwenye beseni, akamwaga maji yote. Mchanga aliuchemsha. Mawe aliyachemsha. Chujio lilikuwa na sponji ndani yake, nayo aliitoa, akaifua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, akaisuuza mpaka ikalia mikononi kama sahani safi inavyolia. Kisha akajaza maji mengine aliyokuwa ameyalaza kwenye ndoo, kama alivyoagizwa na muuzaji. Mchana maji yalikuwa angavu. Alfajiri yalikuwa meupe tena, na baada ya siku chache yakaanza na kunuka.

Muuzaji, kwa simu, alimuuzia dawa ya bluu. Maji yakawa meupe ya bluu. Akamuuzia dawa ya kijani, nayo ikafanya kazi kama ile ya kwanza. Samaki mmoja alikufa. Yuliana alimfunga kwenye gazeti, akamzika chini ya mgomba, akaagiza mwingine wa rangi ile ile ili pasiwe na mtu wa kuuliza. Waliobaki aliwapa chakula kwa mkono mkunjufu, maana hakuna aliyewahi kukaa nyumbani kwake na njaa, na kila walipofungua midomo aliwaongezea.

Katikati ya mahangaiko hayo ndipo Mama Upendo alipotokea, na beseni la karoti na njegere za Mgeta.

"Hodi kwa Mwalimu!"

"Karibu, Mama Upendo. Kaa hapa hapa barazani, kuna upepo mzuri."

Mama Upendo hakukaa. Aliliweka beseni chini, akaenda dirishani, akabandika paji la uso kwenye kioo.

"He! Mwalimu, hao ni samaki au umeloweka mchele?"

"Ni maji mapya. Yanatulia."

"Yanatulia au yanachacha?" Akavuta hewa kwa pua. "Mimi nanusa kitu."

"Unanusa mbolea ya bustani."

"Haya, mbolea." Kicheko kikatoka, kikagonga ukuta wa jirani. "Usijitese, mwenzangu. Jesca akiwataka samaki, si wapo Bigwa?"

Alipoondoka, Yuliana alisimama na beseni mikononi, mashavu yanawaka. Alikuwa mtu aliyesoma, hakuamini habari za jicho la mtu. Hata hivyo alichukua kitambaa na siki, akasugua kile kioo cha dirisha pale paji la uso lilipogusa. Wazo likamjia kwamba yule mwanamke anajua kitu, ana dawa yake ya Dar anayoificha, na anakuja kuchungulia ili aone wenzake wanavyoshindwa. Kadiri alivyolitafuna wazo hilo ndivyo lilivyozidi kukolea.

Beseni la mtu halirudishwi tupu. Yuliana alilisugua kwa sabuni, akaliosha tena, akaweka ndani yake jagi la mtindi aliougandisha mwenyewe, mzito, bila bonge, akapanda bajaji kwenda Bigwa. Kwa macho ya watu alikuwa anarudisha chombo. Moyoni alikuwa anakwenda kukagua.

Mama Upendo alimpeleka moja kwa moja ndani, akamkalisha kwenye kochi lililozama, na tangi lilikuwa hapo mbele. Maji yalikuwa kama hayapo. Samaki walisogea kwenye kioo wote kwa pamoja kumtazama mgeni. Yuliana alijisikia kama ameonyeshwa mtoto wa mtu aliyefaulu.

"Ngoja niumimine huu mtindi," Mama Upendo alisema, akaingia jikoni na jagi.

Alipobaki peke yake Yuliana aliinuka. Mawe yalikuwa na utando wa kijani. Akafunua mfuniko, akavuta chujio kidogo, akaitoa sponji. Ilikuwa ya kahawia iliyoiva, yenye utelezi, kama kitambaa cha jikoni ambacho angemrudisha nacho mwanafunzi nyumbani kwao. Moyo wake ukaruka kwa furaha.

"Mama Upendo!" aliita. "Hii sponji unaiosha lini?"

"Sponji ipi?" sauti ilijibu kutoka jikoni.

"Ya chujio!"

"Kumbe huwa inaoshwa? Ikiziba kabisa naikamua kwenye kopo, maji yale yale ya tangi, naichomeka tena. Nani ana muda, Mwalimu? Mimi alfajiri nahesabu magunia."

Hana dawa. Hana siri. Ni mvivu tu, na maji yake ni kama kioo. Yuliana alikuwa bado ameishika sponji kwa ncha za vidole Mama Upendo alipotokea mlangoni na jagi.

"Nimekubakizia kidogo huku chini," alisema, "upate mbegu ya kugandishia mwingine."

Yuliana aliutazama ule mtindi chini ya jagi. Mara ngapi alisimama mbele ya darasa na kueleza jambo hilo! Chukua chombo, kiunguze kwa maji ya moto, tia maziwa bila mbegu, uyaache. Hayataganda, yatavunda. Kwa sababu wapo vijidudu wabaya na wapo wema, na wale wema wasipopewa mahali pa kukaa, wabaya hawaombi ruhusa. Alifundisha hayo kwa chaki, kwa mchoro, na mtihani akatunga. Na samaki nao wanajisaidia majini, chakula kinabaki kinaoza, lazima awepo wa kukila kile kinachooza. Wa kukila walikuwa wanaishi hapa, kwenye huu utelezi wa kahawia. Nyumbani kwake walikuwa wanazaliwa kila mchana, na yeye anawachemsha kila asubuhi.

Kilichomuuma si kukosea. Kilichomuuma ni kwamba angekuwa mchafu kidogo tu angekuwa ameshinda.

Akakaa wima. Akatafuta sauti yake ya darasani.

"Mama Upendo, hii sponji imezeeka. Si nzuri kwa afya ya mtoto. Nipe hata nusu yake nikakutupie."

"Umetoka Kilakala mpaka Bigwa kunitupia taka?"

"Ni njiani tu."

"Njiani." Mama Upendo aliweka jagi mezani taratibu. "Kama ni taka, Mwalimu, mbona umeishika kama yai?"

Nje mtu alikuwa anapakia makreti, yanagongana. Mama Upendo hakucheka, na kutocheka kwake kulikuwa kugumu kuvumilia kuliko kicheko.

"Bado yale maji ni meupe," alisema Mama Upendo.

"Bado."

"Na yananuka."

"Kidogo."

"Mbolea ya bustani." Hapo ndipo akacheka, akajitupa kwenye kochi, likalia. "Nikuambie kitu, mwenzangu? Unajua kwa nini mimi nilifuga hawa? Yule mtoto alikuwa akija hapa, kila neno Bibi Mwalimu. Bibi Mwalimu ana kitabu cha wanyama. Bibi Mwalimu anasoma kwa sauti tofauti, ya simba kivyake, ya sungura kivyake. Bibi Mwalimu amesema kucha zikatwe. Mimi nitamsomea nini, oda za kabichi? Nikamwambia dereva, niletee chochote kinachong'aa."

Yuliana alitazama samaki. Kitu kitamu kilimteremka kooni, akakimeza polepole, uso haukubadilika. Kumbe miezi yote hiyo huyu naye alikuwa anaivuta picha ya mwenzake kwa vidole viwili.

"Mtoto anapenda vitabu," alisema. "Ni damu ya babu yake."

"Damu ya babu yake, sawa. Ukoo ni wetu." Mama Upendo aliinuka, akachukua kisu cha matunda, akaikata sponji katikati bila hata kupima. Kipande kimoja alikirudisha, cha pili akakitia kwenye kopo la plastiki, akakichotea maji ya tangi. Lakini kopo hakumpa. "Nakupa. Ila siku Jesca anafika kuwaona samaki wako, na mimi nitakuwepo. Ndani. Miaka kumi, Mwalimu, mimi naujua upepo wa baraza yako tu."

Yuliana alitaka kusema ni kwa ajili ya hewa safi. Alitaka kusema mengi. Kopo lilikuwa pale, mkononi mwa yule mwanamke, na Desemba haikuwa mbali.

"Karibu sana," alisema. Neno lilitoka kavu.

Nyumbani alisimama mbele ya sinki na kile kipande mkononi. Sabuni ilikuwa karibu. Maji ya moto yalikuwa kwenye chupa. Uchafu wa Bigwa, kwenye nyumba ya marehemu Mzee Gervas! Alivuta pumzi, akageuza uso pembeni kama mtu anayechomwa sindano, akakichomeka kwenye chujio lake, akafunga mfuniko.

Kisha ikaja kazi ngumu kuliko zote, nayo ilikuwa kutofanya kazi. Aliacha kumwaga maji yote. Alitoa kidogo kwa kikombe na kurudisha kidogo. Chakula akawapa chembe, hata walipomwonyesha midomo. Mawe hakuyagusa. Mikono ilipomwasha alifua mapazia, na mapazia yalipokwisha akafua ya chumba cha wageni, yaliyokuwa safi. Kila asubuhi aliinama akanusa. Siku za kwanza hakuona tofauti, akamlaani Mama Upendo kimoyomoyo kwamba amempa kipande kibovu, kizuri amebaki nacho. Halafu siku moja aliona jiwe la nyuma. Siku nyingine akaliona pamoja na kivuli chake. Weupe uliachia kidogo kidogo, kama ukungu unavyoachia mlima, na harufu ikawa ya udongo ulionyeshewa, kisha ikawa haipo kabisa. Akafungua madirisha ya upande wa jirani.

Angepaswa kufurahi. Alifurahi, lakini kila alipoyatazama yale maji safi aliwaza kwamba yanafanya kazi kwa mkono wa mtu mwingine, na mtu huyo hajui hata kinachofanya kazi ni nini.

Desemba Stephano na mkewe walimleta Jesca kwa treni. Mama Upendo alikuwa ameshafika zamani, kitenge kipya, viatu visivyo na tope hata chembe. Yuliana alikuwa amempangia kiti karibu na mlango. Mama Upendo akapita kile kiti kama hakipo, akaenda kukaa kwenye kiti cha marehemu, akapima mikono yake juu ya mbao zake, akasema, "Kizuri." Hakuna aliyethubutu kumwambia kitu, na mwenye nyumba alikunja leso yake mara mbili, akaikunjua.

"Shikamoo Bibi Mwalimu. Shikamoo Bibi Bigwa."

Wote wawili waliitikia marahaba kwa pamoja. Wote wawili walisikia ni jina la nani lililotangulia.

Jesca alilikimbilia tangi. Aliweka kidole kwenye kioo. Samaki wote, kwa mshituko mmoja, wakakimbilia nyuma ya jiwe. Akahamisha kidole upande wa pili, wakahama tena.

"Bibi," alisema, bila kugeuka, "samaki wako wananiogopa. Umewafanya nini?"

Stephano alimtazama mama yake. Yuliana aliliona beseni la kila asubuhi, mikono yake ikiingia majini kuwakamata, na akajua kwamba kuna mtu mmoja chumbani mle anayeweza kusimulia kila kitu, sponji, mbolea ya bustani na yote, na sauti anayo. Mama Upendo alijiweka sawa kwenye kiti cha marehemu. Akamtazama Yuliana. Hakuwa na haraka.

"Walikuwa wanaogeshwa sana," alisema hatimaye. "Unamjua Bibi yako kwa usafi."

Watu wakacheka, Stephano zaidi ya wote. Jina la nyumba lilitikisika, likabaki mahali pake. Jesca peke yake hakucheka. Alikuwa amepiga magoti kwenye kiti, pua kwenye kioo, anafikiri.

"Basi itabidi nikae huku," alisema. "Mpaka wanizoee. Wa Bigwa wameshanizoea, hata nisipokwenda hawatanisahau."

"Likizo yote?" mama yake aliuliza.

"Mpaka waje kwenye kidole."

Mama Upendo aliendelea kutabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limesahauliwa pale mdomoni kama taa ya nje inayowaka mchana. Mikono yake iliachia mbao za kiti. Yuliana aliujua uso ule. Ameuvaa Juni yote, ameuvaa mbele ya kioo cha bafuni, ameuvaa akiagiza tangi. Alijua unaanzia wapi na unachoma nini. Palikuwa na neno la kusema hapo, neno dogo, kwamba Jumamosi mtoto ataletwa Bigwa, au kwamba mwenye sponji ndiye mwenye samaki. Lilimfika mpaka kwenye meno.

Akachukua birika.

"Chai, Mama Upendo?"

"Kidogo tu."

Yuliana akamjazia mpaka ukingoni, bila kumwaga hata tone kwenye kisahani.